Kijiji kilichoanza kwa namba: mashamba, shule na koo za magharibi mwa Kanada

Ukitoka Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta, kwa gari kuelekea kaskazini, utaona kwamba barabara za vijijini hazikupewa majina ya mashujaa wala ya mito. Zina namba. Kibao kimoja kimeandikwa Range Road 203, kingine Township Road 664, na mgeni hudhani ni kumbukumbu za ofisi ya barabara tu. Kumbe ndani ya namba hizo mna habari yote ya jinsi ardhi ya magharibi mwa Kanada ilivyopimwa na kugawiwa, nani alipewa na nani alinyimwa. Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi Alberta siku hizi, wakiwemo waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, na watoto wao wanakulia katikati ya historia hii. Inafaa tuifungue taratibu, maana ni mafundo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: ardhi, shule na familia. Ukivuta moja na kuyaacha mengine, unazidi kuyakaza.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1870 Kanada, nchi yenye umri wa miaka mitatu tu, ilichukua eneo kubwa lililoitwa Rupert's Land baada ya kuilipa Kampuni ya Hudson's Bay pauni 300,000. Kampuni hiyo ilifanya biashara ya manyoya ya wanyama, na haki yake juu ya ardhi ilitokana na waraka wa mfalme wa Uingereza wa mwaka 1670. Waliokuwa wakiishi humo, Wacree, Wablackfoot, Wadene na mataifa mengine, pamoja na Wametis waliotokana na ndoa za wenyeji na wafanyabiashara wa manyoya, hawakuulizwa. Mikataba ilikuja baadaye. Kati ya 1871 na 1877 serikali ilitia saini mikataba saba na mataifa ya wenyeji, ukiwemo Mkataba wa Sita wa 1876 uliohusu sehemu za kati za Alberta na Saskatchewan. Mkataba wa Nane, uliohusu kaskazini zaidi, ulifuata mwaka 1899. Maandishi ya serikali yalisema wenyeji wanaiachilia ardhi yao moja kwa moja. Wazee wa mataifa hayo wamesimulia vizazi hadi vizazi kwamba walichokubali ni kuitumia ardhi pamoja na wageni. Mgogoro huo haujaisha mpaka leo, na kila namba utakayoisoma kwenye kibao cha barabara imeegemea juu yake.

Wapima ardhi waliingia na minyororo yao wakaikata nchi kwa miraba, bila kujali mto unapita wapi wala kinamasi kimelala wapi. Kila mraba mkubwa, yaani township, ulikuwa na maili sita kwa sita, ukagawanywa vipande 36 vya maili moja kwa moja, yaani ekari 640 kila kimoja. Kila kipande kikakatwa robo nne za ekari 160. Vipande vilihesabiwa kuanzia pembe ya kusini-mashariki, mstari wa kwanza ukienda magharibi, wa pili ukirudi mashariki, hivyo hivyo hadi cha 36. Miraba ilihesabiwa kwenda kaskazini kutoka mpaka wa Marekani, na safu zake, yaani range, zikahesabiwa kwenda magharibi kutoka mistari mikuu ya longitudo. Mstari wa nne ni nyuzi 110, ambao baadaye ukawa mpaka kati ya Saskatchewan na Alberta.

Kwa hiyo ukikuta kwenye karatasi ya zamani NW 14-66-20-W4, usitishike. Ni robo ya kaskazini-magharibi, ya kipande cha 14, katika mraba wa 66 kutoka mpaka wa Marekani, safu ya 20 magharibi mwa mstari wa nne. Na kile kibao cha Range Road 203 kinakwambia uko maili tatu ndani ya safu ya 20. Township Road 664 maana yake uko maili nne ndani ya mraba wa 66, karibu maili 400 kaskazini mwa mpaka wa Marekani. Mkulima wa huko anaweza kukuelekeza nyumbani kwake kwa namba hizo bila kutaja mti wala mlima, nawe usipotee.

Vipande 36 vya mraba mmoja vilikuwa na wenyewe kabla mlowezi wa kwanza hajafika. Kipande cha 8 na sehemu kubwa ya cha 26 vilibaki mali ya Kampuni ya Hudson's Bay, maana katika mapatano ya 1870 ilijiwekea sehemu moja ya ishirini ya ardhi yenye rutuba. Vingi vyenye namba witiri viliwekwa kando kwa ajili ya makampuni ya reli: kampuni ya Canadian Pacific peke yake iliahidiwa mwaka 1881 dola milioni 25 taslimu na ekari milioni 25. Namba shufwa ndizo zilizoachwa kwa walowezi. Vipande viwili, cha 11 na cha 29, viliitwa ardhi ya shule.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani shule zilijengwa kwenye vipande hivyo viwili, na wanapotafuta jengo la zamani la shule ya babu zao wanakwenda kwenye namba 11 wanakuta shamba la ngano. Ardhi ya shule haikuwa kiwanja cha shule. Ilihifadhiwa hadi bei ipande, ikauzwa kwa mnada, fedha zikawekwa kwenye mfuko, na faida ya mfuko ikasaidia elimu. Jengo lenyewe lilisimama popote ambapo mkulima mmoja alikubali kuitoa au kuiuza pembe ya shamba lake, mahali ambapo watoto wengi wangeweza kufika kwa miguu au kwa farasi.

Sasa shamba. Sheria ya Ardhi ya 1872 ilimruhusu mwanamume mwenye umri wa miaka 21, baadaye 18, kuomba robo moja, ekari 160, kwa ada ya dola 10. Lakini hati miliki hakuipata siku hiyo. Ilimpasa kuishi pale sehemu ya kila mwaka kwa miaka mitatu, kujenga nyumba na kuvunja ekari kadhaa za ardhi mpya hadi zilimike. Akimaliza, majirani waliapa mbele ya ofisa kwamba kweli ameishi na amelima, ndipo hati ikatoka. Takriban wanne kati ya kila kumi hawakufika huko. Baridi iliwafukuza, au deni, au upweke, na robo zao zikafunguliwa tena kwa waombaji wengine.

Mlango huu haukuwa wazi kwa wote. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuomba kwa jina lake. Mjane mwenye watoto aliweza, kama mkuu wa familia. Na Sheria ya Wahindi ya 1876, kama serikali ilivyowaita wenyeji wa asili, ilitamka wazi kwamba mwenyeji wa asili wa Manitoba au wa maeneo ya kaskazini-magharibi hawezi kupata shamba la aina hiyo. Yaani mtu ambaye mababu zake waliwinda nyati pale alikuwa ndiye asiyeweza kuiomba robo moja kwa dola 10, ilhali mgeni aliyeshuka melini wiki iliyopita aliweza. Wametis walipewa vyeti vya karatasi vya kubadilishwa kwa ardhi au fedha, na vingi vikaishia mikononi mwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Nalisema hili mapema kwa sababu historia nyingi za vijijini huanza na mlowezi na shoka lake, kana kwamba kabla yake palikuwa na upepo tu.

Shule ilikujaje, basi? Wizara haikuja kijijini na ramani na fundi. Kwa sheria ya 1901 ya Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, ambayo Alberta na Saskatchewan ziliirithi zilipozaliwa kuwa majimbo mwaka 1905, wakulima wenyewe ndio waliotakiwa kuanzisha eneo la shule. Lilipaswa lisizidi maili tano kwa urefu au upana, liwe na wakazi wanne wa kutozwa kodi na watoto 12 wenye umri wa miaka 5 hadi 16. Wakishatimia hao, waliitisha mkutano, wakapiga kura, wakachagua wajumbe watatu wa bodi, wakapendekeza jina, wakakopa fedha za mbao na jiko la chuma. Wajumbe hao ndio walioajiri mwalimu, mara nyingi binti wa miaka kumi na kitu au ishirini na ushei aliyetoka chuo cha ualimu juzi, akafundisha darasa la kwanza hadi la nane ndani ya chumba kimoja. Mkaguzi wa serikali alipita mara chache kwa mwaka.

Kwa hiyo wakulima waliokuwa wakiishi kwenye namba tupu walipata jina siku walipopata shule. Kijiji hakikuwepo: nyumba zilitawanyika, kila familia kwenye robo yake, nusu maili au zaidi kutoka kwa jirani, kwa kuwa sheria ilidai uishi juu ya shamba lenyewe. Hapakuwa na soko wala uwanja wa kukutania. Chumba cha shule ndicho kilichokuwa ukumbi wa kura, kanisa la Jumapili, mahali pa dansi, pa mazishi na pa tamasha la Krismasi ambalo mwalimu alipimwa nalo kuliko mitihani. Ukimuuliza mzee wa Saskatchewan alikulia wapi, mara nyingi atakutajia jina la shule kabla ya jina la mji.

Mfano ninaotaka kukaa nao ni Amber Valley, mashariki mwa mji wa Athabasca, takriban kilomita 160 kaskazini mwa Edmonton. Waanzilishi wake walikuwa Wamarekani Weusi, wengi kutoka Oklahoma. Wengine walizaliwa utumwani au walikuwa watoto wa waliozaliwa utumwani, wakahamia Oklahoma wakitafuta ardhi na heshima. Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo kamili la Marekani. Katiba yake ikaamuru shule za Weusi na Weupe zitengane, na sheria ya kwanza kabisa ya bunge lake jipya ikatenganisha abiria kwenye treni. Mwaka 1910 wakawekewa vizingiti vya kupiga kura. Kanada wakati huo ilikuwa inatangaza ardhi yake ya dola 10 huku na huko, hata kwenye magazeti ya Marekani. Familia zikafunga virago.

Kati ya 1905 na 1912 walifika Alberta na Saskatchewan watu Weusi wapatao 1,000 hadi 1,500. Walikaa Amber Valley, ambako mwanzoni kuliitwa Pine Creek, Junkins, ambayo sasa ni Wildwood, Keystone, ambayo sasa ni Breton, Campsie, na Eldon karibu na Maidstone, Saskatchewan. Machi 1911 kundi kubwa lililoongozwa na Henry Sneed lilifika mpakani Emerson, Manitoba. Maofisa waliwapima afya, wakakagua fedha zao, wakatafuta sababu ya kuwarudisha, hawakuipata. Walikuwa wakulima wenye mifugo, zana na akiba. Wakaingia.

Chuki ikafuata nyuma. Jumuiya ya wafanyabiashara wa Edmonton ilizungusha barua ya kupinga wahamiaji Weusi, ikakusanya saini zaidi ya 3,000. Tarehe 12 Agosti 1911 serikali ya Wilfrid Laurier ilipitisha amri ya kuwazuia watu Weusi kuingia nchini kwa mwaka mmoja, ikidai kwamba hawafai kwa hali ya hewa na mahitaji ya Kanada. Amri hiyo haikutumika, ikafutwa Oktoba mwaka uleule. Haikuhitajika: mawakala wa serikali walikuwa tayari wanazunguka Oklahoma wakiwatisha watu kwa habari za baridi na njaa, miongoni mwao daktari Mweusi kutoka Chicago aliyelipwa kwa kazi hiyo. Mlango ulifungwa bila kelele. Hoja ya baridi ilikuwa uongo mtupu, na waliokwisha kuingia waliithibitisha hivyo kwa miili yao.

Ardhi waliyoipata ilikuwa ngumu. Robo nzuri za karibu na reli zilikwisha kuchukuliwa, wakabakiwa na misitu ya mipopla na mierebi, na vinamasi katikati yake. Kila ekari ilidaiwa kwa shoka kabla ya kudaiwa kwa plau. Wanaume walikwenda kufanya vibarua vya reli na vya mashamba ya wengine ili kupata fedha ya mbegu, na wanawake wakabaki kulilinda shamba miezi yote hiyo, maana sheria ya makazi haikujua udhuru. Ndiyo maana siwezi kukubali maelezo yanayosema mume alifungua shamba. Jina la hati lilikuwa la mume. Miaka mitatu ya kuishi pale mara nyingi ilikuwa ya mke.

Miaka michache baada ya kufika, Amber Valley ilikuwa na shule, iliyoitwa Toles kwa jina la familia ya Nimrod Toles, aliyetoa ardhi ya kuijengea. Fikiria maana yake. Huko walikotoka, katiba ilikuwa imewatenga watoto wao. Huku, sheria ileile ya wakazi wanne na watoto 12 iliwapa wazazi haki ya kuchagua bodi, kujenga na kuajiri. Sheria ya Alberta haikuandika rangi popote katika uundaji wa eneo la shule. Ubaguzi ulikuwepo kwa wingi, kwenye hoteli, ajira na nyumba za mijini, lakini kwenye karatasi za shule ya kijiji mlipakodi alikuwa mlipakodi. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya watu wale kushikilia ardhi mbovu kiasi kile. Wakati jumuiya ilipokuwa kubwa zaidi ilikuwa na watu wapatao 300, na timu yao ya besiboli ilijulikana kaskazini mwa Alberta kote. Jina Amber Valley lilikuja mwaka 1931, posta ilipofunguliwa.

Uhuru huo wa bodi ulikuwa na mipaka yake, na Waukraine wa mashariki mwa Edmonton waliigundua mapema. Walianza kufika mwaka 1891, wakaunda maeneo yao ya shule, na wakataka walimu wanaojua lugha yao. Mwaka 1913 wizara ya elimu ya Alberta iliwaondoa walimu wa Kiukraine kwa hoja kwamba hawana vyeti vya jimbo. Kwenye shule ya Bukowina wazazi walimkataa mwalimu aliyeletwa na serikali, wakajenga shule yao binafsi kando ya ile ya umma na kumweka mwalimu wao. Walishindwa. Manitoba nayo, iliyokuwa na ruhusa ya kufundisha kwa lugha mbili tangu 1897, iliifuta mwaka 1916. Bodi ya kijiji ilikuwa huru kuchagua kuni na jina la shule. Lugha ya ubao ilikuwa ya Kiingereza.

Kuna mpaka mwingine mbaya zaidi. Wakati wakulima wakipiga kura za bodi, watoto wa mataifa ya wenyeji walichukuliwa kupelekwa shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali. Tangu marekebisho ya sheria ya 1920 serikali ilikuwa na nguvu ya kuwalazimisha. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2015, ilikadiria kwamba watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo, wakikatazwa lugha zao, na maelfu wakafa. Hawakuwa na wajumbe watatu wa bodi. Wazazi wao hawakuchagua mwalimu wala jina. Ilipofika 1970, wazazi wa mataifa ya eneo la St. Paul, Alberta, waliikalia shule ya Blue Quills hadi serikali ikawakabidhi, ikawa ya kwanza ya aina hiyo nchini kuendeshwa na wenyeji wenyewe. Kwa namna fulani walidai, miaka mingi baadaye, kile ambacho mkulima wa 1901 alikipata kwa mkutano wa jioni moja.

Shule za chumba kimoja hazikudumu. Mwaka 1935 William Aberhart, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari Calgary, akawa waziri mkuu wa Alberta na waziri wa elimu, na mwaka uliofuata serikali yake ilianza kuyaunganisha maeneo madogo kwa makumi kuwa divisheni kubwa. Saskatchewan ilifuata mwaka 1944. Sababu zilikuwa za kweli: ukame na mdororo wa miaka ya 1930 uliziacha bodi nyingi bila mshahara wa mwalimu. Barabara na mabasi vilipoboreka, majengo yalifungwa, yakauzwa, yakageuzwa ghala. Shule ikiondoka, mahali paliondokewa na sababu ya kuwa mahali. Vijana wa Amber Valley walihamia Edmonton na Calgary baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Oliver Bowen, wa ukoo mmojawapo wa waanzilishi, alikuwa mhandisi aliyeongoza ujenzi wa reli ya abiria ya Calgary iliyofunguliwa mwaka 1981. Violet King, ambaye babu na bibi yake walifika Keystone kutoka Oklahoma, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Kanada, mwaka 1954.

Wazee walipoona majina yanafutika, waliandika. Mwaka 1967, Kanada ilipotimiza miaka 100, na tena 1980, Alberta na Saskatchewan zilipotimiza 75, vijiji vingi vilichapisha vitabu vinene vya historia yao, vilivyopangwa kwa maeneo ya shule na kila familia ikijiandikia kurasa zake. Ni hazina. Lakini visome ukijua aliyeandika: ni aliyebaki. Aliyeshindwa akaondoka mwaka wa pili hayumo. Mke ameandikwa kwa jina la mumewe. Wenyeji wa asili hutajwa kwenye ukurasa wa kwanza, kisha hawaonekani tena.

Kwa anayetafuta mtu, ushauri wangu ni atafute kwa namba ya robo, asiishie kwenye jina. Jina liliandikwa vibaya na karani, likafupishwa, likabadilishwa. Namba haibadiliki. Faili za mashamba ya Alberta za 1870 hadi 1930 zimewekewa faharasa, na ndani yake wamo pia walioacha: tarehe ya maombi, ekari zilizovunjwa, ukubwa wa nyumba, ng'ombe wangapi, na mara nyingine barua ya mkono ikieleza kwa nini mwombaji hawezi kuendelea. Linganisha na sensa za mikoa hiyo za 1906, 1911, 1916 na 1921, na ile ya 1931 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2023. Kwenye robo moja unaweza kukuta waombaji watatu waliotangulia kabla ya yule ambaye familia yake imo kitabuni.